Motokari Inajiendesha, Lakini Moyo wa Shofere Uko Kazini

Wengi kati yetu tuko na watoto ao ndugu huko Ulaya na Marekani. Siku hizi tunaona video za motokari zenye kujiendesha: shofere ameketi, mikono iko kwenye magoti, usukani unazunguka peke yake. Tunashangaa na kucheka. Lakini kuna jambo lenye video hizo hazionyeshi, nalo linatuhusu sisi wenye kupiga simu.

Motokari nyingi za namna hiyo bado zinahitaji mtu. Wataalamu wanazipanga kwa daraja, kuanzia 0 mpaka 5. Kwenye daraja la 2, motokari inasaidia tu kushika njia na kupunguza mwendo. Shofere anapaswa kuangalia barabara wakati wote. Kwenye daraja la 3, anaweza kuacha kuangalia kwa muda. Lakini ikishindwa, kwa mfano mistari ya barabara imefutika, motokari inalia na kumuomba ashike usukani. Kanuni ya Umoja wa Mataifa yenye ilianza kutumika mwaka wa 2021 inampa shofere sekunde 10 hivi. Asipoitika, motokari inapunguza mwendo mpaka isimame.

Sekunde 10 ni kidogo kuliko tunavyofikiri. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, motokari inapita zaidi ya meta 160 ndani ya muda huo. Shofere anapaswa kuinua macho, kuelewa kuna nini mbele, kuangalia kioo, kisha kuchagua: kukanyaga freni ao kupinda. Mikono inarudi upesi. Akili ndiyo inachelewa.

Na moyo ukiwa na mzigo, kazi hiyo inakuwa ngumu zaidi. Mwenye hasira anaweza kupinda kwa ghafula na kuthubutu mahali pa hatari. Mwenye woga anaweza kukaza macho kwenye kitu kimoja tu. Mwenye huzuni anaweza kuangalia barabara bila kuiona. Mwaka wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwaonyesha mashofere vipande vya filamu vyenye kuamsha hisia mbalimbali, kisha wakawarudishia usukani ndani ya motokari ya kuigiza. Wenye walikuwa na hisia nzuri waliushika kwa utulivu zaidi, bila kutikisa motokari sana. Na moyo kupanda sana hakukumsaidia mtu kuushika upesi zaidi.

Akili ikiwa mahali pengine, mtu anaweza kufa. Tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, motokari ya majaribio ya kampuni ya Uber iligonga na kuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walisema kwamba mwenye kuichunga alikuwa anaangalia simu yake. Habari mbaya kutoka nyumbani inaweza kuvuta akili namna hiyohiyo, hata kama macho yako barabarani.

Basi tufanye nini?

Kwanza, ukipiga simu, uliza: “Mwanangu, uko kwenye usukani?” Akisema ndiyo, mwambie akupigie akifika. Akijibu, “Mama, sema tu, motokari inajiendesha,” usikubali.

Pili, habari ya msiba, deni ao ugomvi wa ukoo haiharibiki kwa kungoja saa moja. Mtafute kwanza mtu mwenye anaishi naye, ili aipokee akiwa ameketi nyumbani, na mtu kando yake.

Tatu, usiandike “kuna jambo kubwa, nipigie haraka” bila kueleza. Maneno hayo yanatia woga kuliko habari yenyewe.

Hapa kwetu pia, bwana wa nyumba ao kijana wa pikipiki anatoka asubuhi na moyo wenye tumemwachia. Yeye hana mashine ya kumshikia usukani hata sekunde moja. Kama kuna neno kali, lingoje jioni.

Katika mkutano wetu wa juma hili, kila kikundi kizungumze jambo hili, na kila mama alipeleke kwa jamaa yake.