Fahamu: Je, mchezo wa kompyuta unaweza kuurudisha mkono uliopooza?

Mgonjwa wa kiharusi anavaa miwani ya uhalisia pepe, anaona matunda mbele yake, ananyoosha mkono kuyachuma. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi, na mchezo humfanya mtu asichoke mapema.

Je, unashinda njia za kawaida?

Mwaka 2016 jarida la The Lancet Neurology lilichapisha utafiti wa wagonjwa 141 nchini Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Wengine walicheza michezo ya kompyuta ya Nintendo Wii. Wengine karata, bingo, mpira au vipande vya mbao vya Jenga. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana.

Kwa familia za Igowole, wilayani Mufindi, hiyo ni habari njema kweli. Katika wilaya hii ya misitu na mbao, vipande vya kupanga na kupangua havikosekani. Kinachohitajika zaidi ni mtaalamu wa fiziotherapia wa kuonyesha zoezi linalomfaa mgonjwa, kisha ndugu wa kukaa naye kila siku. Ndugu hao wasimvute kwa mkono uliopooza wanapomwinua. Bega lake huumia kwa urahisi.