KWA NINI WAKUBWA WANGOJE?

Je, mkubwa akiacha kazi serikalini, aweza kesho yake kulipwa na kampuni ili akawashawishi wenzake aliowaacha ofisini? Huko Marekani hapana, lazima angoje kwanza. Kwa sheria ya mwaka 2007, seneta hungoja miaka 2, naye mjumbe wa Baraza la Wawakilishi mwaka 1. Sababu ni kwamba kampuni hainunui akili yake tu, inanunua urafiki wake. Mlango ambao raia hubisha mpaka achoke, yeye hufunguliwa mara moja.

Lakini shida iko. Mwaka 1993 Rais Clinton aliwawekea wakuu wake sharti la kungoja miaka 5. Desemba 2000, akikaribia kutoka, aliifuta amri hiyo yeye mwenyewe! Kweli, kinyozi hajinyoi.