Mama Akijaa Mawazo, Atamwambia Nani?

Katika kikundi kimoja upande wa Bomet kulikuwa na mama ambaye hakukosa mkutano hata siku moja. Zamu ya merigoraundi ikifika, yeye ndiye wa kwanza kutoa pesa. Halafu akaanza kukosa. Usiku halali, chakula hakishuki, majani chai yanakomaa shambani bila kuchumwa. Watu wakasema ati ana kiburi. Wenzake walipomtembelea aliwaambia neno moja tu: "Mawazo yamenijaa."

Wakachanga nauli, wakampeleka kwa mshauri mjini. Mshauri alikuwa msomi, wala hakuwa mtu mbaya. Lakini hakujua Kikipsigis, na Kiswahili cha mama huyu ni cha sokoni tu. Basi akaitwa kijana wake akae katikati atafsiri, kijana aliyekwisha kutahiriwa. Sasa niambieni, ni mama gani wa kwetu atamweleza mwanawe mtu mzima mambo ya chumbani kati yake na baba yake? Mama akajibu, "Niko sawa." Ikaandikwa yuko sawa. Akarudi nyumbani na mzigo wake.

Hapo huduma ilikuwako. Iliyokosekana ni huduma inayomfaa yeye, kwa lugha yake na heshima zake.

Ushauri nasaha si kuambiwa "fanya hivi, acha vile." Ni mazungumzo ya mara kadhaa na mtu aliyefundishwa kusikiliza, ambaye anamsaidia mwenye shida kutaja kinachomlemea na kutafuta hatua moja ndogo anayoiweza. Dawa ya hospitali inaweza kufuata, au isihitajike. Na kwa kuwa kazi yote hii ni maneno, maneno yakipotea hakuna kitu kinachobaki.

Majirani zetu wameonyesha njia. Katika vijiji vya Rakai na Masaka huko Uganda, wataalamu walianza kwa kuuliza wanakijiji wenyewe huita shida hii nini. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Wakafundisha watu wa huko huko kwa wiki 2, si madaktari, wakaongoza vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Tena walirekebisha maswali, kwa sababu kule, kama kwetu, marehemu hasemwi vibaya. Huwezi kumwuliza mjane ni nini hakukipenda kwa mumewe. Mwishoni, katika vijiji vilivyopata vikundi, waliobaki na ugonjwa wa huzuni walikuwa kama 6 au 7 katika kila 100. Katika vijiji vingine walikuwa zaidi ya 50 katika kila 100.

Zimbabwe nako, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Hawatumii majina ya kitabuni. Wanasema kufungisisa, neno la Kishona ambalo hata sisi tunalisikia: kufikiri kupita kiasi. Na hapa Kenya, jaribio lililofanywa Nairobi na kuchapishwa 2017 liliwafikia wanawake 421, wengi wao waliopitia dhuluma. Wahudumu wa afya wa mtaani waliofundishwa waliketi na nusu yao kwa vikao 5, na hao wakapata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida.

Basi kikundi chenu kikitaka kumpeleka mwenzenu, mtangulieni. Tumeni mama wawili wakamwone mshauri kwanza. Waulize: unazungumza lugha gani? Kama ni lazima kuwe na mkalimani, je, anaweza kuwa mama mtu mzima asiye wa ukoo wake? Umesomea wapi, na cheti kiko wapi? Iko sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza. Maneno ya mgonjwa yanawekwa wapi, na nani anayaona?

Muulizeni pia kama anajua nyumba zetu. Kwa Wakipsigis mama mzee asiye na mwana anaweza kuoa msichana ili nyumba ipate mrithi. Msichana huyo ana shida zake, na mara nyingi hana wa kumwambia. Akikutana na mshauri anayeshtuka au kucheka, hatarudi. Si lazima mshauri awe ameyajua yote. Akisema "nieleze, mama, hii huwa namna gani," huyo anafaa.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Kujua mila si kuwa askari wa mila. Mshauri anayemwambia mama aliyepigwa "vumilia, ndiyo ndoa," hata akiisema kwa Kikipsigis safi, mwacheni. Na wazee wetu wa kanisa wasikie hili pia.

Katika laini za mashamba makubwa mambo hubadilika tena. Huko wanaishi Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya, na mwenye lugha yako huenda ndiye jirani wa mlango wa pili, au jamaa wa supavaiza. Mwaka 2023 BBC ilitangaza kwamba zaidi ya wanawake 70 wa mashamba ya chai ya huku walisema wamedhulumiwa kingono na wakubwa wao wa kazi. Mama kama huyo anaweza kupendelea mgeni kabisa, na Kiswahili. Mwulizeni yeye, msimchagulie. Akiwa amebakwa, afike hospitali mapema, kabla ya saa 72 kwisha, apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na asioge kwanza. Simu 1195 hailipishwi.

Kuna hali ambazo hazingoji mkutano wa kikundi. Anasikia sauti, hajalala siku nyingi, au anasema afadhali afe: siku hiyo hiyo apelekwe hospitali ya kaunti, Kericho au Longisa. Maombi yaendelee, hata ndani ya matatu. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichoadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Yule mama wa Bomet alipelekwa tena baada ya miezi, kwa mshauri mwingine, mama wa makamo anayejua Kikipsigis. Safari hii kijana alibaki nyumbani na ng'ombe. Mwenzake wa kikundi alimsindikiza mpaka mlangoni, akaketi nje na kazi yake ya kufuma, saa nzima. Hakuuliza walizungumza nini, na hata leo hajui. Nauli ya safari nne ilitoka mfuko wa kikundi, ikaandikwa daftarini "matibabu," bila jina.