Ugonjwa wa prostati: roboti inafanya nini, na haifanyi nini?

Siku hizi watu wengi wanatuuliza kwenye dispensari juu ya "roboti inayopasua watu". Kuna hata jamaa wanaotaka kuuzisha kiwanja ili wapeleke baba mbali, kule kunako mashini hiyo. Mbele ya kuuzisha kiwanja, musome kwanza ukurasa huu. Wamama nao wasome, maana mara nyingi ni wao wanaoona kwanza kama baba anaamuka mara tano usiku.

Prostati ni tezi ndogo ya wanaume. Iko chini ya kibofu, inazunguka mufereji wa mukojo. Mutu akizeeka, tezi hiyo inaongezeka na kubana mufereji: mukojo unatoka polepole, unakatika, unarudia. Mara nyingi hiyo si kansere. Kansere yenyewe, mwanzoni, haiumi wala haionekani, na ndiyo ubaya wake. Tena hapa kwetu mukojo wa damu unaweza kutoka kwa bilharzia. Kwa hiyo tusibahatishe, tupime.

Vipimo vya kwanza ni viwili: damu, kipimo kinachoitwa PSA, na kidole cha munganga kwa njia ya nyuma. Hapo wanaume wanakimbia! Mutu anayepasua mawe kwa baruti bila kutetemeka anaogopa kidole cha nusu dakika. PSA ikipanda, si hukumu bado. Tezi iliyoongezeka tu inaweza kuipandisha. Ndipo waganga wanatoa vipande vidogo vya nyama kwa sindano na kuviangalia kwa mikroskopi. Sisi watu weusi tunashikwa na kansere hii kupita wazungu, na zaidi yule ambaye baba ao ndugu yake alishikwa. Afazali kuzungumza na munganga tangu miaka 45.

Sasa roboti. Haipasui mutu peke yake. Ni kama mashini kubwa ya kuchimba mawe: anayechimba ni dereva. Munganga anakaa kando, anaangalia picha iliyokuzwa, anasogeza mikono, na mikono ya chuma inafuata ndani ya tumbo kwa matundu madogo. Roboti ya da Vinci ilipata ruhusa kule Marekani katika mwaka 2000. Katika mwezi wa sita 2025, munganga Vipul Patel alikaa Orlando, Marekani, akapasua kansere ya prostati ya mutu aliyelala Angola, jirani yetu, bahari ikiwa katikati yao. Waganga wengine walisimama karibu na mugonjwa, tayari kushika kazi kama mawasiliano yakikatika.

Faida yake ni ya kweli: damu inamwangika kidogo, na mugonjwa anarudi nyumbani upesi. Lakini kule Brisbane, Australia, walilinganisha wanaume waliopasuliwa kwa roboti na wale waliopasuliwa kwa mukono wa kawaida. Kisha miaka miwili, kuzuia mukojo na mambo ya kitanda vilikuwa karibu sawasawa kwa wote. Munganga aliyezoea kazi hiyo ana maana kupita mashini.

Tena si kila kansere ya prostati inayotaka kisu. Uingereza waliwagawa wanaume 1,643, wote kansere yao ilijulikana mapema, katika makundi matatu: kuchungwa tu kwa vipimo, kupasuliwa, ao kuchomwa kwa mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitangazwa katika 2023: waliokufa kwa kansere hiyo hawakufika 3 kwa 100, karibu sawasawa katika kila kundi. Lakini kwa wale waliochungwa tu, kansere ilitembea mwilini kwa watu 9 kwa 100. Kwa wengine ni 5. Na kila dawa ina bei yake: kisu kinaweza kuacha mukojo unaovuja na kulegeza nguvu za kiume, mionzi inaweza kuchokoza matumbo. Bwana na bibi waulize pamoja, mbele ya kukubali.

Kansere ikiisha kufika katika mifupa, kutoa tezi hakuiponyeshi tena. Katika 1941 munganga Charles Huggins wa Marekani alionyesha kwamba kansere hii inalishwa na homoni ya kiume. Wanakata chakula hicho kwa sindano, ao kwa kutoa makende, kazi ndogo isiyotaka roboti. Mara nyingi ugonjwa unatulia kwa muda murefu. Wanaume wengi wanakataa wakisema: "Nitakuwa mwanamuke." Hapana. Hamu ya kitanda inapunguka, ni lazima tuseme kweli, lakini sauti haibadiliki, nawe unabaki baba wa nyumba yako.

Juu ya safari: Marechal Mobutu alipasuliwa Lausanne, Uswisi, katika mwezi wa nane 1996, alikufa Rabat tarehe 7 Septemba 1997. Pesa ya safari haikukosekana. Mandela alijulikana na ugonjwa huo huo katika 2001, akachomwa kwa mionzi kwao Afrika ya Kusini, akaishi mpaka 2013, na miaka 95. Muulize kwanza kansere imefika wapi, kisha muhesabu pesa.

Jambo moja halingoje. Mwenye kansere hii akiumwa sana mugongo, kisha miguu ikaanza kulegea, ujue kansere inabana uti wa mugongo. Mumulete hospitali usiku huo huo, hata kwa kumubeba. Kesho yake miguu inaweza kukataa kabisa.