Mji wa Mawe na Kiu: Goma Mwaka wa 1994

Mtoto wa Murara hujifunza mapema kwamba ardhi yake haichimbiki. Akitaka choo, baba yake hana budi kutafuta nyundo na mtaimbo. Akitaka kisima, afadhali aache. Chini ya nyumba zetu kuna mawe meusi yaliyomwagwa na mlima Nyiragongo tangu kale, na moto wa Januari 2002 ulikuja tu kuongeza mengine juu yake. Twaanza na mawe, wapenzi wasomaji, maana mwezi wa Julai 1994, katika mji wetu wa Goma, mawe na maji machafu viliua watu wengi kuliko risasi.

Wakati ule sisi tulikuwa bado migongoni mwa mama zetu. Habari hizi tumezipokea kwa wazazi, na nyingine kwa maandishi ya madaktari.

Katika nchi jirani ya Rwanda mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza tangu Aprili. Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, na pamoja nao Wahutu waliokataa uovu huo. Tarehe 4 Julai jeshi la FPR liliteka Kigali, kisha likasonga mpaka Gisenyi, mji unaogusana na Goma. Basi serikali iliyosimamia mauaji ilikimbia, ikiwasukuma raia mbele yake. Toka tarehe 14 mpaka 18 Julai watu wasiopungua 500,000 walivuka mpaka, nao wengine husema 800,000. Walikuja na magodoro, mbuzi, vyungu na vikongwe vyao. Katikati yao walikuwamo pia askari walioshindwa, na Interahamwe ambao mikono yao ilikuwa na damu.

Wakalala kando ya barabara, katika viwanja vya shule, popote palipo na nafasi ya mkeka. Maji yalikuwa ya Ziwa Kivu tu. Huyu alichota, yule alinawa, wa tatu alijisaidia hatua chache juu yao, kwa kuwa choo hakikuchimbika. Tarehe 20 Julai kipindupindu kilithibitishwa.

Ugonjwa huu hauna siri. Huukausha mwili kwa kuharisha na kutapika, hata mtu mwenye nguvu asubuhi aweza kuwa maiti jioni. Dawa yake nayo ni nyepesi kustaajabisha: maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na kwa aliyezidiwa, maji ya mshipani. Lakini maji safi ndiyo yaliyokosekana! Katika siku za kwanza hazikupatikana hata lita 1 za maji hayo kwa mtu mmoja kwa siku. Huko Kibumba, kambi iliyo kaskazini kwenye njia ya Rutshuru, hapakuwa na ziwa wala chemchemi. Kila tone lilipelekwa kwa malori.

Wazazi husimulia maiti zilizofungwa katika mikeka, zimepangwa kando ya barabara kama mizigo ingojayo gari. Hazikuzikwa upesi, kwa sababu jembe liligonga jiwe. Askari wa Ufaransa walichimba mashimo makubwa kwa mashine. Kati ya tarehe 14 Julai na 14 Agosti ziliokotwa maiti zipatazo 48,000. Kipindupindu kilipopungua, kuhara damu kulikuwa kumekwisha kuingia.

Pampu na mitambo ya kusafisha maji ililetwa kwa ndege, maji ya ziwa yakatiwa klorini, na vifo vikashuka. Hapo likazuka swali zito: je, mwuaji naye apewe maji? Waliogawa hawakuuliza. Lakini kambini viongozi wale wale wa mauaji walishika orodha za watu na ugawaji wa chakula, wakawatisha waliotaka kurudi kwao. Mwezi wa Novemba Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka kwa kupinga jambo hilo; wengine wakabaki kwa ajili ya wagonjwa. Kwetu sisi, maji yalikuwa haki ya kila mwenye kiu. Orodha za chakula ni jambo jingine, na kuziacha mikononi mwa watu wale lilikuwa kosa ambalo Kivu imelilipia kwa muda mrefu.

Miti ya Virunga ilikatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki uchi. Kambi zilidumu hadi mwaka wa 1996. Ile ya Mugunga ilitawanywa na vita katikati ya Novemba.

Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia tena Goma, umeme na maji ya bomba vikakatika. Watu waliteremka ziwani na madumu, wengine wakiyapakia juu ya chukudu. Safari hii ufukoni walikuwapo watu wenye klorini, wakitia kipimo katika kila dumu kabla halijafungwa.