Kujifunza Hesabu Nyumbani kwa Programu ya Intaneti

Mhariri wa gazeti hili aliniomba mimi, mzazi wa mwanafunzi aliyepata kusoma shuleni hapa, nieleze jinsi binti yangu alivyojifunza hesabu nyumbani kwa programu ya intaneti. Mwanzo nilisita. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, katika Wilaya ya Temeke, na masomo yangu yalikoma darasa la saba. Lakini nilipofikiri niliona kuwa wazazi wengi wa vitongoji vyetu, toka Mbagala na Chamazi hata Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, wana hali kama yangu. Tuna watoto wa sekondari, tuna simu mikononi, na hesabu za watoto wetu hatuzijui. Basi nitaeleza tuliyoyafanya, pamoja na makosa yetu, ili atakayeifuata njia hii asijikwae pale tulipojikwaa sisi.

Wasomaji watakumbuka kuwa tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Binti yangu alikuwa Kidato cha Pili. Kila mzazi wa sekondari ajua maana yake: mwisho wa mwaka kuna mtihani wa upimaji, na mwanafunzi asiyefikia kiwango hukariri kidato. Katika ripoti yake ya Kidato cha Kwanza alikuwa amepata alama 14 katika 100 za Hisabati. Hakuwa peke yake, kwani somo hili huwashinda wengi mno. Hata mwaka 2023, kati ya watahiniwa wa Kidato cha Nne nchini, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu. Lakini kwa mzazi, kushindwa kwa wengi si faraja. Mwalimu wa masomo ya ziada wa mtaa wetu naye alikuwa amefunga darasa lake. Nikabaki na binti, daftari, na simu moja ya nyumba nzima.

Kijana wa jirani ndiye aliyetuonyesha programu iitwayo Khan Academy. Yafaa nieleze asili yake, kwani yafanana na habari yetu. Mwaka 2004 Bwana Salman Khan, aliyekuwa akiishi Boston huko Marekani, alianza kumsaidia hesabu binamu yake Nadia aliyekuwa mbali, katika mji wa New Orleans. Msichana huyo alikuwa na akili njema, ila alishindwa hesabu za kubadili vipimo. Walisaidiana kwa simu na kompyuta. Ndugu wengine nao wakaomba msaada, na mwaka 2006 Bwana Khan akaanza kuweka mafunzo yake ya video kwenye intaneti. Mwaka 2008 akaunda shirika lisilotafuta faida, na mpaka leo mwanafunzi hajifunzi humo kwa malipo, isipokuwa gharama ya bando la intaneti.

Kazi yake ni hivi. Kila somo limekatwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande kina video fupi ya maelezo, kisha zoezi la maswali machache. Mwanafunzi akijibu, programu humwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Akikwama, aweza kufungua vidokezo vinavyomwongoza hatua kwa hatua, lakini swali lile huhesabiwa kuwa amelikosa. Akifanya vizuri cheo chake katika kipande hicho hupanda, na akikosa katika majaribio ya baadaye hushuka. Hakuna mwenzake wa kumcheka, wala kengele ya kumkatiza.

Fikira iliyo chini ya kazi hii ni ya zamani kuliko simu zetu. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika juu ya kusoma mpaka kulimudu somo. Katika darasa la kawaida muda ni mmoja kwa wote: wiki ikiisha, mada imekwisha, aliyeelewa na asiyeelewa wote husonga mbele. Yeye alitaka muda ndio ubadilike na ujuzi ubaki kuwa ule ule, yaani mwanafunzi asiende mada ya pili mpaka ameishika ya kwanza. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kwa urahisi kumngoja kila mmoja. Programu yaweza kungoja.

Sasa nieleze kosa letu. Wiki mbili za mwanzo nilifurahi sana. Nilikuwa nikishona barakoa huku binti yangu ameshika simu, na kila jioni alinionyesha vyeo vyake vikipanda. Nikawasimulia wateja kuwa mtoto wangu amekuwa hodari. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, nifanyie hesabu moja kwenye karatasi: nusu kujumlisha theluthi." Akaandika upesi: mbili ya tano. Alikuwa amejumlisha vya juu kwa vya juu, na vya chini kwa vya chini.

Nilijua kuwa amekosa. Sikujua kwa elimu ya shule, ila kwa kazi ya mikono yangu. Nikatandaza utepe wa kupimia juu ya meza. Yadi moja ina inchi 36. Nusu yadi ni inchi 18, na theluthi ya yadi ni inchi 12. Ukiviunga vitambaa hivyo viwili wapata inchi 30. Lakini mbili ya tano ya yadi haifiki hata inchi 15. Nikamwuliza, "Nimeongeza kitambaa juu ya nusu yadi, imekuwaje kikapungua?" Akautazama utepe kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, kumbe sikuelewa. Nilikuwa nafuatisha tu."

Akanieleza jinsi ilivyokuwa. Maswali ya zoezi moja hufanana kama vifungo vya shati moja. Akikosa la kwanza alitazama jinsi lilivyofanywa, kisha yaliyofuata aliyafanya kwa kuiga bila kujua sababu. Siku ile ile alipata yote. Wiki ikipita, hakuna lililobaki. Programu ilikuwa ikiona jibu alilolibonyeza, wala haikuona lililokuwa kichwani mwake. Kuliona hilo ilikuwa kazi yangu mimi niliyekuwa ubavuni pake, nami sikuwa nimeifanya.

Tangu hapo tulibadili mwendo. Tuliacha mada za Kidato cha Pili, tukamfungulia katika programu hesabu za chini kabisa, za sehemu na za namba hasi. Hili lilimwumiza. "Baba, haya ni ya watoto wa shule ya msingi," alisema, na machozi yakamlengalenga. Nikamjibu kwa lugha ya kazi yangu: shati likiwa limekosewa begani, fundi hashoni vifungo akatumaini kuwa kosa halitaonekana. Hufumua mpaka pale kosa lilipoanzia, akashona upya. Kufumua si aibu. Aibu ni kumpa mteja shati asiloweza kulivaa.

Na kweli kosa lilikuwa huko chini. Alikuwa akishindwa milinganyo ya aljebra, kwa mfano: nusu ya namba fulani ukijumlisha na theluthi ya namba hiyo hiyo wapata 10, namba hiyo ni ipi? Mwenyewe alidhani haijui aljebra, kumbe alichokosa ni sehemu. Tulirudi kwenye utepe. Nusu na theluthi haziwezi kuunganishwa mpaka zikatwe kwa kipimo kimoja. Nusu ni tatu ya sita, theluthi ni mbili ya sita, na jumla ni tano ya sita. Basi ikiwa tano ya sita ya namba ni 10, moja ya sita ni 2, na namba nzima ni 12. Akaijaribu: nusu ya 12 ni 6, theluthi yake ni 4, jumla 10. Hapo nilimwona akicheka kwa sababu ya hesabu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka miwili.

Kizuizi cha pili kilikuwa lugha. Shule ya msingi alisoma Hisabati kwa Kiswahili, akazijua sehemu, asili na kiasi. Alipoingia Kidato cha Kwanza vitu vile vile vikaja kwa majina ya Kiingereza, na programu nayo tuliitumia kwa Kiingereza. Mara nyingi alikijua kitu asilijue jina lake. Tukatenga kurasa za mwisho za daftari, upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili la Kiswahili, na kila siku maneno matatu mapya. Kazi hii ndogo ilitufaa kuliko nilivyotazamia.

Kwa manufaa ya wengine, nataja kanuni tulizozifuata mpaka shule zilipofunguliwa.

Kwanza, daftari kabla ya simu. Kila swali lilifanywa kwenye karatasi kwa hatua zote, ndipo jibu likabonyezwa.

Pili, saa moja tu, toka saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupiga simu na kabla bando halijaingiliwa na mambo mengine. Video hula bando zaidi, mazoezi hula kidogo. Kwa hiyo video moja ilitazamwa mara moja kwa makini, huku akiandika.

Tatu, kila Jumamosi hapakuwa na simu. Nilichagua maswali matano ya nyuma, yaliyochanganywa, naye akanifafanulia kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Mzazi asiogope hapa. Huhitaji kujua jibu, uliza tu, "Kwa nini umefanya hivyo?" Mtoto akishindwa kujibu, ndipo pa kurudia.

Nne, tulilinganisha na muhtasari wa masomo wa Tanzania. Programu ya Marekani hupanga mada kwa namna yake, na mtoto aweza kutumia mwezi katika jambo lisilotakiwa na mtihani wetu. Hapa zipo programu za nyumbani, kama Shule Direct iliyoanzishwa mwaka 2013 na Bibi Faraja Nyalandu, ambayo hufuata masomo ya sekondari za Tanzania. Tuliitumia hiyo kujua mada zipi ni za kidato kipi, na ile nyingine kwa mazoezi mengi.

Lakini nisiisifu programu kupita kiasi. Haisomi hatua za daftari, haijui mtoto amelala na njaa au ana wasiwasi, na umeme ukikatika nayo hunyamaza. Tena nyumba nyingi hazina simu ya kutosha kwa kazi hii. Kwa shule yenye kompyuta chache ipo programu iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa kwa mahali pasipo intaneti: masomo huwekwa katika kompyuta moja, na nyingine zilizo karibu huyapokea kwake bila bando. Labda walimu wetu wataona vema kuijaribu. Na kwa mtoto asiyeweza kurudi shuleni kabisa, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine, iko njia ya kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha ule wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo ya nyumbani ya namna hii yaweza kumshika mkono njiani.

Shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 29 Juni 2020. Binti yangu alibeba lile daftari akampelekea mwalimu wake wa Hisabati, naye akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Alimwonyesha makosa matatu ambayo simu haikuyaona, wala mimi sikuyajua. Kuanzia hapo akamfuatilia yeye. Mwezi Novemba alifanya mtihani wa upimaji, na katika Hisabati akapata C. Najua kuwa C si alama ya kupigiwa ngoma, lakini ilimtoa katika hatari ya kukariri, na zaidi ya hayo aliacha kusema, "Mimi hesabu si zangu."

Nawaambia wanafunzi: msione haya kurudi nyuma mpaka pale mlipopotea. Nawaambia walimu wetu, kwa heshima: mtoto akikuleteeni daftari la nyumbani, lipokeeni, kwani huenda mzazi wake amekesha nalo. Na ninyi wazazi wenzangu msiseme kuwa hamjui kitu. Muuza samaki ajua robo na nusu, seremala ajua pembe, mama ntilie ajua uwiano wa mchele na maji. Simu itampa mtoto wako maswali. Wewe keti karibu, uliza sababu, na usikubali jibu lisilo na hatua.