Utangulizi: Feni Inayolia na Elimu ya Ukarabati

Mvua ya Isecheno haina mzaha. Sehemu hii ya msitu wa Kakamega hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na kwa kuwa iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600, asubuhi zake ni za baridi. Abiria wakiingia garini wameloa na madirisha yakafungwa, kioo cha mbele hufunga ukungu kabla gari halijafika Shinyalu. Dereva anawasha feni ya hita ili hewa yenye joto ipande kiooni. Ikiwa gari lenyewe ni Corolla ya miaka ya 1990, kuna uwezekano mkubwa kwamba feni hiyo itaanza kwa kulia. Kwa mlio huo nakukaribisha, msomaji, kwenye elimu ya ukarabati.

Elimu hii huchunguza jinsi vitu vinavyotunzwa, vinavyofunguliwa, vinavyobadilishwa viungo na kurudishwa kazini. Masomo mengi ya teknolojia humwanzia mvumbuzi na siku kitu kilipozinduliwa. Mwaka 2006 mwanahistoria David Edgerton, katika kitabu chake The Shock of the Old, alitoa hoja kwamba tukiangalia vitu vinavyotumika badala ya vinavyovumbuliwa, historia nzima hubadilika sura, na nchi zinazosemwa kuwa zimeachwa nyuma hujikuta katikati ya simulizi. Hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Gari linaloingia Kenya kutoka Japani linaruhusiwa kuwa na umri usiozidi miaka minane. Likishafika huku huishi miaka mingi kuliko lilivyoishi kule, na maisha hayo marefu ni kazi ya mafundi wetu.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kwenye Corolla nyingi za rika hilo, mota ya feni imekaa chini ya dashibodi upande wa kushoto, juu ya miguu ya abiria wa mbele. Fundi hupiga goti, akachomoa plagi ya waya, akafungua skrubu, kwa kawaida tatu, na mota ikamshukia mkononi pamoja na gurudumu lake la plastiki lenye mapezi membamba. Lakini fundi mzuri haanzi na bisibisi. Huwasha feni kasi ya kwanza, ya pili, hadi ya mwisho, ameinamisha kichwa anasikiliza. Mkwaruzo unaoharakisha kadiri feni inavyoharakisha ni takataka. Magari mengi ya umri huo hayana kichujio cha hewa ya ndani, kwa hiyo yakiegeshwa chini ya miti, majani hupenya matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele na kuangukia kwenye gurudumu. Mtikisiko unaofika hadi kwenye dashibodi ni pezi lililovunjika au gurudumu lililopoteza mizani. Mlio mwembamba unaokuja asubuhi ya baridi na kutulia mota ikipata joto ni bushi iliyokauka. Na feni iliyonyamaza kabisa, ikaamka ukiigonga kasha kwa mpini wa bisibisi, kaboni zake za kupitisha umeme zimekwisha.

Hiyo bushi inastahili kutazamwa zaidi. Ni pete ndogo ya unga wa madini ulioshindiliwa, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, navyo hunyonya mafuta kiwandani na kuyatoa kidogo kidogo kwa miaka. Wapo wanaoipulizia mafuta mepesi ya kulegeza kutu. Mlio hukatika, mwenye gari hufurahi, kumbe mafuta hayo yameyayeyusha na kuyaosha yale yaliyokuwamo, na baada ya muda mfupi kelele hurudi ikiwa kali zaidi. Mota ikishakuwa nzito kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa. Plagi hupata moto na kuanza kuyeyuka, na rizista inayogawa kasi huungua. Ndipo dereva anapoona feni inafanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu. Anayebadilisha rizista peke yake atairudia kazi hiyo hiyo, kwa sababu chanzo bado kimo ndani ya mota.

Angalia basi fundi amefanya nini. Kutoka kwenye sauti amefika kwenye umeme, kutoka kwenye umeme akafika kwenye pete isiyozidi ncha ya kidole, na njiani ameamua kipi ni chanzo na kipi ni matokeo. Hiyo ni hoja kamili, japo haijaandikwa. Julian Orr, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu mafundi wa mashine za fotokopi nchini Marekani, alionyesha kwamba mafundi huyapata majibu kwa kusimuliana visa vya mashine walizokutana nazo, kuliko kwa kufuata mwongozo wa kampuni. Kaa kwenye gereji yoyote ya Kakamega usikie. "Hii mota imechoka, mzee. Unakumbuka ile Probox?" Kisa cha Probox kinafuata, na ndani yake mna somo.

Uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha una uchumi wake pia. Mota mpya ya asili ni ghali, kwa hiyo wengi hununua ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa Japani, ambayo huenda imepitia maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, kabla ya kupandishwa basi kuja magharibi. Hapo huzaliwa tatizo ambalo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kulijua. Mota ya gari jingine inaweza kulingana kimo na matundu ya skrubu, ila waya zake zisilingane. Zikiungwa kinyume, mota huzunguka kinyume. Ungedhani hewa nayo itageuka. Haigeuki! Gurudumu la namna hii huendelea kuisukuma hewa kuelekea kule kule, ila kwa unyonge. Gari linaondoka kimya, kila mtu ameridhika, hadi siku ya mvua kubwa ukungu unapokataa kutoka kiooni. Fundi mwenye uzoefu huweka kiganja kwenye tundu la hewa kabla ya kurudisha skrubu ya mwisho, na kiganja hicho humwambia.

Maarifa haya yalichelewa kupewa heshima. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieleza kwamba sekta isiyo rasmi ina tija na ubunifu, wakati ambapo mamlaka ziliisumbua zaidi kuliko kuisaidia. Kenneth King aliwachunguza mafundi wa Kenya katika The African Artisan mwaka 1977, na mwaka 1996 akaitoa Jua Kali Kenya, iliyofuatilia mabadiliko ya robo karne. Kwa upande wa Tanzania, African Motors ya Joshua Grace, ya mwaka 2021, inawaweka mafundi wa gereji katikati ya historia ya motokaa na maendeleo. Anza na vitabu hivyo. Usikae navyo muda mrefu mno kabla hujaenda kwenye gereji yenyewe.

Ukienda, nenda na subira ambayo Isecheno inaijua tayari. Tangu mwaka 1979 Marina Cords na wenzake wamekuwa wakiwachunguza kima wa msitu huu, wakiwatambua mmoja mmoja na kuandika nani yuko na nani, kizazi baada ya kizazi. Gereji inastahili uchunguzi wa muda mrefu kama huo: gari lile lile lifuatwe kwa miaka, kila mota iliyotolewa iandikwe ilitoka wapi, nani aliamua, kwa kusikia nini. Fundi naye atajwe kwa ridhaa yake kama mwalimu wa utafiti, alipwe muda wake, asomewe kilichoandikwa kabla hakijachapishwa. Kwa jambo hili sina uvumilivu na visingizio.

Maswali yamejaa. Lililo karibu zaidi na moyo wangu ningependa lichukuliwe na kijana wa chuo cha ufundi cha Sigalagala au wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Magari mengi mapya zaidi yanayoingia sasa yana mota zisizo na kaboni, zinazoongozwa na saketi ndogo iliyofungiwa ndani ya mota yenyewe. Ukiigonga kwa mpini wa bisibisi haiamki, na ukitaka kuipima kwa kuiunga moja kwa moja kwenye betri unaweza kuiua. Fundi aliyejenga elimu yake yote kwenye sikio na kiganja ataisoma vipi mota hiyo, na ni sehemu gani ya elimu ile ya zamani itakayobaki kumfaa?